Boga ni la nazi, si la foronya

Leo nina maneno, na mengi yananirudia mwenyewe, kwa hiyo msinione nimepanda mimbari.

Kila ukiingia mwezi wa tisa simu yangu hujaa picha. Ni zile zile: kochi la kahawia, mito ya rangi ya chungwa, blanketi limetupwa kwenye mkono wa kochi kama kwamba mtu kainuka sasa hivi, mishumaa mitatu, matawi makavu ndani ya chupa, na boga. Boga halikosi. Chini yake mteja ameandika, "Nataka ukumbi wangu uwe hivi, bei gani?" Mwaka juzi mmoja aliniletea kitambaa kilichochapwa maboga kila mahali, nimshonee foronya nane. Nilikuwa nimezipanga juu ya meza ya kukatia, akapita bibi mmoja jirani yangu, mzaliwa wa Pemba. Akaigeuza moja, akaigeuza tena, akaniuliza, "Mwanangu, hili boga mbona limepelekwa kitandani? Nazi imeadimika?"

Nilicheka mpaka nikajidunga sindano. Lakini alipoondoka nilijiuliza swali lake kwa njia nyingine: hivi vitu tunavyoviiga, kule vilikotoka vina kazi gani?

Jibu nililipata kwa binamu yangu aliyeolewa Uingereza. Aliniambia kwamba kwao ikifika Septemba mchana unaanza kukatwa vipande. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma kwa saa moja, na giza linazidi kusogea. Disemba Maghrib inaingia kiasi cha saa kumi za jioni, wakati sisi hapa ndiyo kwanza tunatoka kusali Alasiri. Watoto wanarudi skuli taa zimeshawashwa barabarani. Maji ya udhu yanauma vidole. Nyumba inafungwa kila upenyo kwa sababu joto la ndani linalipiwa, na bili yake haina huruma. Sasa ukiishi hivyo, pazia zito linakuwa kanzu ya nyumba, linazuia baridi inayotoka kwenye kioo cha dirisha. Blanketi kwenye kochi si pambo, kuna mtu atajifunika. Taa ya manjano pembeni inamfariji mtu ambaye hajaliona jua vizuri tangu asubuhi. Na boga wamelitoa shambani wakati huo huo, ndiyo maana liko mlangoni. Kila kitu katika picha ile kina sababu yake.

Sisi Zanzibar tuko kiasi cha nyuzi sita tu kusini mwa ikweta. Jua letu linachomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima. Miezi yetu ya ubaridi ni Juni, Julai na Agosti, kusi inapovuma na wazee wanatafuta sweta. Wenzetu wanapoanza kujifunika, sisi tunatoka kwenye kipupwe, tunaingia vuli, na nyuma ya vuli kuna joto la kaskazi linatusubiri. Vuli yetu ni mvua na joto kwa pamoja. Nguo hazikauki. Chumvi kwenye kopo inageuka jiwe. Viatu vya ngozi ukivisahau chini ya kitanda wiki mbili vinaota ndevu. Sasa wewe katika hali hiyo unaning'iniza mahameli dirishani!

Mahameli nyingi zinazouzwa madukani siku hizi ni poliesta. Inashika vumbi kwenye vinyweleo vyake, na hewa haipiti. Ukiishusha mpaka sakafuni, ukaibana na ukuta, baada ya mvua za mwezi mmoja ukiifunua nyuma yake utakuta madoadoa meusi. Hiyo ni kuvu, na haitoki kwa sabuni. Nimeshusha mapazia ya watu yaliyonikohoza mimi fundi kabla sijaufikisha mkono juu.

Sasa naja kwenye lililonifanya niandike.

Nina mteja mmoja, nimemwomba ruhusa ya kulisimulia hili na amekubali bila ya jina lake. Mama wa watoto watatu, mwanamke msafi, mcheshi, mtu wa kuheshimu wageni. Alinipa kazi mwezi wa kumi: mapazia ya mahameli kwa madirisha manne, foronya kumi na mbili, na kitambaa kizito cha kutandika juu ya kochi. Rangi ya kutu, kahawia na chungwa. Kazi nzima ilikuwa kiasi cha laki saba. Nusu ya fedha zile zilitoka kwenye kikoba, na mimi nilijua, kwa sababu kikoba hicho na mimi nimo. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka pale pale alipoombea mkopo, na aliomba kwa ajili ya bati za chumba cha uani.

Nilijua na nikapokea. Nilikuwa na deni la mashine ya kufumia pindo, mwezi ulikuwa umekwisha na mwenye mashine ameshanipigia mara mbili. Nikajiambia, fedha ni zake, mimi ni nani?

Siku ya kwenda kuyatundika nilihitaji mahali pa kunyoosha. Akaniambia niingie chumba cha uani kuna soketi. Nikaingia. Ndani alikuwamo mavyaa wake, amekaa juu ya godoro la sponji lililolazwa chini kwenye saruji. Ukuta wa nyuma yake ulikuwa na ramani ya maji kutoka darini mpaka kwenye mchago. Katikati ya chumba kulikuwa na beseni. Bibi akanikaribisha vizuri sana, akalisogeza lile beseni kwa mguu kama mtu anavyosogeza kiatu, akanipisha nifanye kazi yangu. Mahameli haipigwi pasi usoni, inageuzwa na kuwekewa taulo chini, kwa hiyo ilinichukua muda. Muda wote ule bibi ananitazama. Akaniuliza, "Hizo za wapi?" Nikamwambia, za ukumbini, bibi. Akasema, "Nzuri. Zinapendeza."

Basi. Hakuongeza neno. Laiti angelalamika ningepata cha kumjibu.

Nikatundika, nikapigwa picha na mapazia yangu, nikalipwa, nikaenda kulipa mashine. Vuli ile mvua zilikuwa nzito. Disemba bibi kifua kikambana, akalazwa. Sisemi kwamba mapazia ndiyo yaliyomwuguza. Ana umri wake na kifua chake cha miaka mingi, na alhamdulillah alirudi nyumbani. Lakini usiku niliopata habari sikulala vizuri, na nilichokuwa nakiona ni lile beseni.

Januari mteja wangu alinipigia. Mapazia yameshika kuvu, kikoba kinadai, je, naweza kumuuzia? Tuliuza pande mbili zilizokuwa nzima kwa bei ya kutupa. Mimi nilimrudishia nusu ya ushonaji. Nusu, si yote, siwezi kujifanya mwema kuliko nilivyo. Kwa hizo na nyingine alizoongeza mumewe bati zikapanda, na kitanda cha bibi nikakitafuta mwenyewe kwa fundi seremala wa mtaani kwetu.

Naogopa mtu atayasoma haya aseme, si ndiyo tunavyowaambia kila siku, mapambo yote ni israfu, mwanamke wa Kiislamu anatosheka na mkeka. Sikubaliani na kauli hiyo, na nimeshawahi kubishana nayo hadharani. Tukifungua Surat An-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu anatuhesabia neema ya nyumba, kwamba amezifanya kuwa mahali petu pa utulivu. Katika aya hiyo hiyo zinatajwa sufu na manyoya na nywele za wanyama zinazotengenezwa vyombo vya nyumbani na vya kutumia kwa muda. Mimi fundi cherehani aya ile naipenda kuliko ninavyoweza kueleza. Vitambaa vimo humo! Matandiko ni neema, si aibu. Ila tazama mpangilio wake. Utulivu umetajwa kwanza, vyombo vikafuata. Nyumba yenye mapazia ya laki saba na mtu mzima aliyelala karibu na beseni imeanza na vyombo, na utulivu haijaufikia.

Kwa hiyo hoja yangu si kwamba tusipambe. Tuanze kupambia ndani. Sisi wanawake wa visiwani tuna maradhi ya ukumbi, na tuyaseme wenyewe kabla hatujasemwa. Ukumbi una kapeti, kochi limefunikwa plastiki, kabati lina vikombe visivyonywewa, na watoto wanalala watatu kwenye godoro lililobonyea katikati kama mtumbwi. Mgeni anakaa dakika arubaini, anakunywa chai anaondoka. Wanaobaki ndio wenye nyumba. Na siku hizi mgeni mwenyewe yumo ndani ya simu, hata chai hanywi.

Nyumba niliyoikuta na raha kuliko zote maishani mwangu haikuwa na umeme. Mnakumbuka Unguja ilipokaa gizani kiasi cha miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, pale umeme unaotoka bara ulipokatika? Nilikuwa nimemaliza skuli najifunza cherehani, na wenye mashine za umeme walikaa mikono mitupu wakati sisi wa cherehani za miguu tunapiga kazi. Sitaki kuyapamba yale. Maji yalikuwa shida kwa kuwa pampu hazikufanya kazi, tulibeba ndoo mpaka shingo zikashuka, samaki walioza, biashara za watu zilikufa. Lakini baada ya Isha mama alikuwa anatandika jamvi uani, kandili moja katikati, marehemu babu na mto wake wa sufi mgongoni, mwenye kusoma anasoma, mwenye kuchambua mchele kwa ajili ya kesho anauchambua. Joto lilikuwa kali na hakuna feni, kwa hiyo kila mtu alikuwa na kipepeo mkononi na anampepea wa pembeni yake pia. Hakuna aliyekuwa na chumba chake cha kukimbilia. Mara nyingi nikiulizwa raha ya nyumba ni kitu gani, naliona jamvi lile.

Haya, mtaniambia nimesema sana na sijasema tushone nini. Siku hizi mteja akiniletea picha ya boga simkatalii. Namuuliza kwanza, nani analala wapi? Wengine wanashangaa, wengine wanaona namchimba. Nimewahi kumpoteza mteja kwa swali hilo, na kazi yake ilikuwa nono.

Ningekuwa na laki saba ile mkononi kwa ajili ya vuli, ningeanza na paa, kisha kitanda cha mtu mzima kiinuke kutoka chini, maana saruji wakati wa mvua inatoa jasho na godoro linalinywa lote. Godoro la sufi na mito ya sufi ni mizuri kwa hali yetu kama utakubali kazi yake: kila jua likitoka unaiburuta nje, unaipiga fimbo, unaigeuza. Ya sponji ikishaloa ndani haikauki leo wala kesho. Foronya na shuka ziwe za pamba tupu. Kitambaa cha pamba kirowekwe usiku mmoja na kukaushwa kabla ya kukatwa, kwani kitaruka, na fundi asiyekuambia hivyo anataka urudi kushona tena. Foronya usiitie zipu ya chuma. Hewa yetu ya chumvi inaishika kutu na kutu inachafua kitambaa. Nyuma ya foronya iachwe pande mbili zinazolaliana, mto unaingia na hautoki, na unafulika bila ya kuogopa.

Mapazia, dada zangu, yawe mepesi. Yaishie vidole vinne juu ya sakafu na fimbo yake itoke mbele ya ukuta, hewa ipite nyuma. Rangi iwe yoyote unayotaka, hata hiyo ya kutu. Sina ugomvi na rangi! Kapeti la ukuta kwa ukuta ndilo lenye ugomvi na mimi. Vuli likunje, utandike mkeka wa ukindu unaoweza kuutoa na kuusimamisha juani. Akina mama wanaosuka ukili Pemba na mashamba ya Unguja wanahitaji fedha yako kuliko muuza kapeti.

Na hizi doti za khanga tulizojaza makabatini kwa kuogopa kuzivaa! Khanga mbili zikishonwa mgongo kwa mgongo na kitambaa chepesi katikati ndiyo blanketi la vuli. Halichomi, halilemei, na likilowa kwa jasho linafuliwa asubuhi. Kwa doti moja, ukikata kwa hesabu, unapata foronya tano au sita za mto wa sentimita 45. Kata kwa kuupima mji ukae katikati na pindo lizunguke. Jina la khanga lisikatwe kiwete, maana nusu ya maneno inaweza kuleta fitina ambayo mwenye khanga hakuikusudia. Nimeona. Binamu yangu yule wa Uingereza ananiagizia foronya hizi hizi kila mwaka inapokaribia baridi yao. Anasema akizitandika nyumba inapata joto. Fikirini kichekesho hicho: yeye huko kwenye majani yanayopukutika anataka khanga, mimi hapa kwenye minazi naletewa maboga.

Taa ile nyeupe ya duka la dawa, itoeni chumbani. Balbu ya manjano haina bei kubwa na inabadilisha nyuso za watu jioni. Harufu nayo tusiisahau, kwa sababu vuli nyumba inanuka nguo mbichi. Chetezo kipite chumba kwa chumba baada ya Maghrib, na cha mzee kisirukwe. Kama kifua cha mtu hakipatani na moshi, chemsha karafuu chache, kipande cha mdalasini na ganda la ndimu kwenye sufuria, mvuke ufanye kazi. Mavuno yetu ya wakati huu ni karafuu, jamani. Ukipita Pemba miezi hii barabara nzima inanukia majamvi yaliyoanikwa, na kuna wanaolipa fedha nyingi mbali huko kupata harufu hiyo kwenye mshumaa.

Boga nalo sijalisahau. Likatwe, lipikwe kwa tui zito, sukari na iliki, liliwe wote wamekaa chini, na yule mwenye kuishi chumba cha uani apakuliwe wa kwanza.

Kwa mafundi wenzangu nina neno moja gumu. Tunaingia majumbani mwa watu mpaka vyumba ambavyo wageni hawafiki. Tunaona. Nilipokuwa nanyoosha mahameli ile ningeweza kutoka nje nikamwambia mwenye nyumba, shoga, tushone madirisha mawili tu, kwa kitambaa cha pamba, na laki nne irudi kwenye bati. Angekasirika siku mbili. Mimi ningechelewesha deni langu wiki tatu. Nilipiga hesabu hiyo pale pale, pasi ikiwa mkononi, na nikachagua deni langu. Biashara ni halali na tumbo lina haki yake, lakini mnaposema mteja ni mfalme mnikumbushe pia ni nani alikuwa amekaa chini siku ile.

Mwezi uliopita nilipita nyumbani kwao. Bibi yuko juu ya kitanda chake, mchago umesogezwa mbali na ukuta. Amejifunika khanga niliyoiunga mwenyewe. Alinisahau jina ila hakuisahau kazi. Akaniuliza kama yale mapazia yangu mazuri nimeyapeleka wapi, na mkwewe akaangalia pembeni, na mimi nikaangalia pembeni.

Ningeendelea, lakini mawingu yamekaa upande wa kusini na matone ya kwanza nayasikia juu ya bati. Nina magodoro mawili ya watu barazani niliyoyatoa asubuhi kuota jua. Naenda kuyaingiza.